Uliza Anti: Makumbusho ndani ya maduka ya kale ya Japani, maswali yenu na majibu yangu

Tangu niguse kidogo habari za maduka ya kale ya Japani barua hazikomi. Za viza na bei za tiketi nimeziweka kando, leo tunabaki na hizi za makumbusho tu, na nimezikata kidogo manake wengine mnaandika kama mnaandika wosia.

*

*Shikamoo anti. Nasoma Tokyo, na kaka yangu anakuja kunitembelea kutoka Dar, ana siku chache tu. Nimesikia kuna duka la zamani la sake, ile pombe yao ya mchele, mitaa ya Yanaka wameligeuza makumbusho na kuingia ni bure. Ila kaka ni mtu wa swala tano, naogopa nikimpeleka duka la pombe ataninunia safari nzima. Je, humo ndani kuna ulevi? Na kuna cha kuona kweli au ni chumba na chupa tupu? – Mdogo Mtu, Tokyo*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, pale hapauzwi wala hapaonjwi kitu. Duka lenyewe ni la Yoshidaya, biashara ya sake ya tangu enzi za Edo, yaani kabla ya 1868, ila walishafunga na leo ni tawi la Makumbusho ya Shitamachi ya wilaya ya Taito, yale makubwa yaliyoko kando ya bwawa la Shinobazu kule Ueno tangu 1980. Kwa hiyo kaka yako atakuta mapipa matupu, mizani, vibaba vya mbao, matangazo ya zamani ya ukutani na madaftari. Hukumu ya dini amuulize shehe wake, mi sina elimu hiyo, ila cha kumlewesha mtu hamna.

Sasa kuhusu cha kuona. Chumba ni kimoja kikubwa na mtu asiyejua atakimaliza kwa dakika 5 atoke akisema “ndo hivi tu?”, nimewaona wengi. Kosa lao ni kwamba wanaingia wakitafuta vitu vya kuangalia ndani ya kabati za vioo, wakati pale cha kuangalia ni nyumba yenyewe. Hilo jengo ni la mwaka 1910, lilikuwa mtaa wa jirani, na 1987 wakalibomoa kipande kipande wakalijenga upya pale lilipo sasa kwenye kona ya Ueno Sakuragi, na nyumba zile za mbao zinaruhusu kufanyiwa hivyo manake nguzo na boriti zinapachikana, unaziondoa unaenda kuzipachika kwingine.

Msimamishe kaka yako ng'ambo ya barabara kwanza kabla ya kuingia. Mwambie aangalie upenu ulivyotoka mbele mrefu, umebebwa na boriti zinazochomoza nje ya ukuta, hiyo ndo ilikuwa sura ya duka la maana Tokyo ya wakati ule. Alafu aangalie mlango. Hauna bawaba na hausukumwi pembeni, ni mbao pana za kulala ambazo asubuhi zilikuwa zinapandishwa juu na jioni zinateremshwa, kwa hiyo mchana duka linakuwa wazi upana wote, mtu na mzigo wake anaingia bila kubanwa.

Ukiingia unakanyaga sakafu ya chini, ile iliyo sawa na barabara, hapo mteja anabaki na viatu vyake. Mbele yako kuna sakafu ya mbao iliyoinuliwa, na hapo ndo mpaka. Mteja anakaa ukingoni, mwenye duka yuko juu amekaa chini (sijui kama umenielewa, yuko sakafu ya juu lakini amekaa kitako) na kwenye maduka kama haya kuna meza fupi ya hesabu yenye kizuizi cha fito mbele yake. Mi huwa nawaambia watu wajaribu kukadiria macho ya mtu aliyekaa pale. Anaona mlango, anaona mapipa, anaona mikono ya vijana wake wanapopima, na hajanyanyuka. Hakuna kamera ya ulinzi iliyowahi kupangwa vizuri kuliko ile meza.

Kupima kwenyewe ndo utamu. Sake ilikuja kwa pipa na ikauzwa kwa kipimo, kipimo kidogo ni go, kama mililita 180, na go 10 zinafanya sho moja, lita 1.8, na mpaka leo chupa kubwa za sake Japani ni za lita 1.8, wala hawajahangaika kuifanya iwe 2 kamili. Mteja hakupewa chupa moja kwa moja, alikuwa anaazimwa chupa ya udongo yenye jina la duka limeandikwa ubavuni kwa maandishi makubwa, akimaliza anairudisha inajazwa tena, yaani mambo ya kreti na chupa za soda kama kwetu. Na kila anayepita mtaani na hiyo chupa anakutangazia duka bila kulipwa.

Kitu kingine ambacho kibao cha maelezo hakikuambii kwa uzito wake: mwaka 1899 serikali ya Japani ilipiga marufuku watu kujitengenezea sake majumbani. Na mwaka huohuo kodi ya pombe ikaipita kodi ya ardhi, ikawa zaidi ya theluthi ya kodi zote za taifa. Sasa fikiria duka limejengwa 1910, miaka 5 baada ya vita na Urusi, vita vilivyokula hela hatari. Kila kibaba kilichopimwa pale sehemu yake ilienda kwenye manowari na mizinga. Kwa hiyo yale madaftari usiyapite haraka.

Nenda kwa treni mpaka Nippori, pita katikati ya makaburi ya Yanaka (amezikwa humo Tokugawa Yoshinobu, shogun wa mwisho, yaani mtawala wa kijeshi), tembea polepole utafika. Wanafungua saa 3 na nusu asubuhi mpaka saa 10 na nusu jioni. Jumatatu usiende.

*

*Anti habari. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7, tunaishi Yokohama kwa ajili ya kazi ya baba yao. Hizi nyumba za makumbusho wanaruhusu watoto? Na hili la kuvua viatu, ni lazima? – Mama Wawili*

Njema mama. Kuvua viatu si jambo la kumsumbua mtu wa kwetu, mbona nyumbani tunavua. Ila angalia hivi: kwenye nyumba ya duka kuna sehemu ya chini unabaki na viatu na sehemu ya juu unavua, na ukivua usikanyage tena chini na soksi kisha ukapanda, hapo utamwona yule mzee mlinzi anavyokunja uso. Vaa viatu vya kuchomoa fasta, yale ya kamba ndefu acha nyumbani. Na soksi zisiwe na dirisha kidoleni jamani, wenyeji wanaona.

Watoto wanaruhusiwa na kwa kweli wazee wanaojitolea mle ndani huwa wanafurahi wakiona mtoto, watamshikisha kibao cha shanga za kuhesabia, watamwonyesha namna ya kupima. Cha kuogopa ni ngazi. Ngazi za nyumba za kale ni wima balaa, nyingine chini yake wametengeneza droo ili nafasi isipotee, ni kabati na ngazi kwa pamoja, zinapendeza kwenye picha lakini mtoto wa miaka 4 mshike mkono au mbaki chini. Na ule mlango wa karatasi, kidole kimoja tu unatoboka. Huyo wa 4 mbebe.

*

*Bi mkubwa, heshima yako. Mimi ni baharia mstaafu, nilifika Yokohama na Kobe mara kadhaa ujanani, sikumbuki kuona nyumba ya zamani hata moja, kote zege. Wanaposema duka la mbao la miaka mia na kitu nashindwa kuamini. Kwa matetemeko yao na mioto yao hizo nyumba zilibakije? Isije ikawa wanajenga mpya wanazipaka masizi kuwadanganya watalii. – Mzee wa Bandarini, Tanga*

Shikamoo baba. Swali lako lina haki kabisa. Yokohama na Tokyo ziliangushwa na kuungua kwenye tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923, na 1945 zikachomwa tena kwa mabomu ya ndege za Marekani, na Kobe nayo ilichomwa mwaka huohuo, kwa hiyo wewe kwenye bandari hizo usingeona. Zilizobaki zimebaki kwa sababu mbili, au mahali palipona kwa bahati, kama hiyo Yanaka ambako sehemu kubwa ni mahekalu na moto haukuimaliza, au watu walijenga makusudi dhidi ya moto. Hawa wa pili ndo wananivutia zaidi, na mfano wake ni Kawagoe.

Kawagoe iko kaskazini magharibi ya Tokyo, treni ya Tobu kutoka Ikebukuro ni kama nusu saa. Mwezi Machi 1893 uliwaka moto ukala zaidi ya nyumba 1,300, karibu mji wote wa biashara. Wafanyabiashara walipozunguka kwenye majivu wakakuta nyumba chache zimesimama, na zote zilikuwa za aina moja, zimejengwa kama ghala, kuta za udongo mnene na lipu ya chokaa. Mojawapo ni ya familia ya Osawa, ya mwaka 1792, iko mpaka leo unaweza kuiingia, wanauza vitu vya mikono. Basi wakaamua, na wenye hela wakajenga hivyohivyo. Hapakuwa na sheria iliyowashika masikio, ni akili ya mtu aliyeungua jana.

Na hawakukimbilia matofali ingawa Tokyo ya wakati huo matofali yalikuwepo. Walichukua kitu walichokiona kwa macho kimepona. Nyumba hizo hujengwa kwa kiunzi cha mbao, juu yake fito na kamba, juu yake udongo tabaka baada ya tabaka, kila tabaka lisubiriwe likauke, ukuta unafika unene wa kama sentimita 30, mwisho wanapaka chokaa iliyochanganywa na masizi ndo maana mtaa mzima ni mweusi unang'aa. Hivyo masizi yapo baba, ila ni ya wakati uleule!

Angalia madirisha ya juu. Milango yake ni minene kama ya sefu, imekatwa ngazi ngazi ukingoni ili ikifungwa ipachikane hewa isipite, manake moto ukikosa hewa ndani hauna chakula. Moto ukionekana mbali wanafunga na kuziba nyufa kwa udongo uliowekwa tayari, na wapo wanaosimulia kwamba udongo ukikosekana walizibia miso, ile ya kupikia supu, ukizingatia ilikuwa akiba ya mwaka mzima jikoni basi ni uamuzi mchungu huo.

Pale mtaani kuna duka la jumla la tumbaku la familia ya Koyama, limejengwa 1893 hiyohiyo mara baada ya moto, na likaja kuwa makumbusho ya nyumba za aina hiyo. Lenyewe lilifungwa kwa kazi ya kuliimarisha dhidi ya matetemeko, kwa hiyo ukimtuma mjukuu mwambie aulize kwanza kama limefunguliwa, asije akaishia kupiga picha ya uzio. Udongo unazuia moto lakini kwenye mtikisiko una mambo yake, uzito wote ule juu ya nguzo za mbao, na Wajapani hawaweki watu ndani ya jengo la umma bila kulihesabu upya. Kuhusu tumbaku, mwaka 1904 serikali ilijichukulia utengenezaji wote wa tumbaku nchini. Huyo mzee wa Koyama alijenga ngome dhidi ya moto, na miaka 11 baadaye biashara ikageuzwa na karatasi kutoka wizarani.

Mji wenyewe siku hizi umejaa mno, Jumamosi ni kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi, na kila mlango wanauza kitu cha viazi vitamu, mpaka aiskrimu ya viazi vitamu, manake ndo zao walilokuwa wakiipelekea Edo, yaani Tokyo ya zamani, kwa mashua. Mi hiyo aiskrimu sikuipenda lakini viazi vya kuchoma ni vizuri.

*

*Mambo anti, swali fupi. Sijui Kijapani hata neno. Nitaelewa kitu? Na naruhusiwa kupiga picha? – Chalii wa Arusha*

Poa mwanangu. Vibao vya Kiingereza kwenye makumbusho madogo huwa vichache na vifupi, sentensi mbili basi. Simu yako ielekeze kamera kwenye maandishi itatafsiri, itakupa maneno ya ajabu lakini utapata mwelekeo. Bora zaidi ni yule mzee wa mlangoni, onyesha kitu kwa kidole na weka uso wa kuuliza, ataigiza kwa mikono mpaka utaelewa, na mara nyingi ana karatasi ya maelezo chini ya meza ambayo haweki hadharani. Picha, uliza kwa ishara kwanza, na flashi zima. Beba na pesa taslimu, vijumba vidogo vingine havina mashine ya kadi.

*

*Anti, nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kushona vyandarua hapa Arusha. Kuna mgeni mmoja Mjapani alinambia kwao kuna mji wa zamani ambao matajiri wake walitajirika kwa kuuza chandarua. Alisema wameacha nyumba zao kama makumbusho. Nikabisha. Ni kweli? – Fundi Chandarua*

Kweli mtupu, na umenifurahisha manake barua hii ndo niliyokuwa naisubiri. Mji unaitwa Omihachiman, uko mkoa wa Shiga jirani na ziwa Biwa. Ulianzishwa 1585 na Toyotomi Hidetsugu, mpwa wa yule Hideyoshi aliyeitawala Japani, akajenga ngome mlimani na akachimba mfereji wa kuunganisha mji na ziwa ili mashua zote zinazopita zipitie mlangoni kwake. Mwaka 1595 Hideyoshi akamlazimisha kujiua, ngome ikafutwa, na mji ukabaki hauna bwana. Miji mingi ingekufa hapo. Hawa wakabeba mizega begani wakaenda kuuza.

Nasema mizega kwa maana yake ileile, mti begani na mzigo kila upande. Walikuwa machinga wa masafa marefu, wanatembea mpaka kaskazini kabisa ya nchi, wanabeba vyandarua na nyuso za mikeka ya tatami kwenda, wanarudi na bidhaa za huko, hawarudi mikono mitupu. Aliyefanikiwa akafungua duka Edo au Osaka. Ila nyumba na mke vilibaki Omihachiman, na mke ndiye aliyekuwa anawapokea vijana wapya, anawafundisha kuandika, hesabu na adabu kabla hawajapelekwa dukani mjini. Watoto wa miaka 10, 11 hivi, hawana mshahara, wanapata chakula na nguo na mafunzo. Wale majasiri waliopanda ngazi mwishoni wakaruhusiwa kufungua lao, walioshindwa walirudishwa kwao, na walikuwa wengi. Sifa zote za busara za hao matajiri mtakazosomewa huko (eti biashara njema ni ile inayomfaa muuzaji, mnunuzi na jamii) mzisikie mkiwa mmekumbuka na hawa watoto.

Vyandarua vyenyewe vilikuwa vya nyuzi za hempu, na rangi iliyovuma ni kijani chenye ukingo mwekundu. Wanasimulia kwamba Nishikawa Jingoro wa pili alipokuwa safarini kwenda Edo alilala chini ya mti njiani kule Hakone, akaota amezungukwa na majani mabichi, akaamka na wazo la rangi. Ndoto au hesabu ya biashara, chandarua cha kijani kikatawala. Kampuni ya ukoo huo inahesabu kuanzia 1566 na bado inauza matandiko hadi leo.

Nyumba utakayoingia ni ya Nishikawa wengine, wa Riemon, usiwachanganye. Imejengwa 1706 na nyuma yake kuna ghala la udongo la ghorofa tatu, kitu adimu. Ukiwa ndani utashangaa ilivyo kimya na isivyo na mapambo. Mbao wazi, bustani ndogo, basi. Hela ilikuwepo ila kuionyesha ilikuwa hatari, watawala wakikuona umenona wanakukopa na hawalipi. Kwa hiyo utajiri utafute kwenye ubora wa mbao, nguzo haina fundo, ubao mmoja mrefu bila kiungo. Wewe fundi utaliona hilo haraka kuliko mtalii mwingine.

Jirani yake mtaa uleule wa Shinmachi kuna nyumba ya mfanyabiashara Mori Gorobei, humo wamepanga ofisi ya hesabu ilivyokuwa, meza fupi, madaftari, mizani. Na makumbusho ya historia ya mji yako kwenye kiwanja cha mtu aliyeitwa Nishimura Taroemon, huyu alivuka bahari kwenda kufanya biashara Annam, Vietnam ya leo, na alipotaka kurudi akakuta nchi imeshafunga milango kwa waliotoka nje, hakuruhusiwa kushuka. Akatuma picha iliyochorwa kwenye ubao ipelekwe hekalu la kwao, 1647, akageuza akaenda zake. Mzee wa Bandarini kule juu nadhani hiyo itamgusa.

Na wewe wa Arusha una la kujibu ukikutana tena na huyo mgeni wako. Mwambie mwaka 2003 Sumitomo Chemical ya Japani iliipa kampuni ya A to Z ya hapohapo Arusha teknolojia ya chandarua chenye dawa ndani ya uzi, bila kudai malipo ya haki yake. Sumitomo si watu wa Omihachiman, lakini biashara ni ileile, na safari hii washonaji ni nyie.

Kufika ni rahisi: treni ya JR ya haraka kutoka Kyoto, kama dakika 35, unashuka stesheni ya Omi-Hachiman. Usianze kutembea, mji wa zamani uko kama kilomita 2 na barabara ya kwenda huko haina cha kuangalia, panda basi linaloelekea Hachiman-yama. Ukishuka anzia Hakuunkan, shule ya zamani ya 1877 iliyojengwa kwa michango ya wafanyabiashara, sasa ni ofisi ya watalii. Waulize hapo nyumba ipi iko wazi siku hiyo, manake huwa wanafunga kwa zamu kwa ajili ya ukarabati, na kama ni Jumatatu rudi Kyoto.